Kocha wa Mama Agnella

Jumatano, 30 Julai 2025

Zamu yetu imefika. Agosti ni ya nyumba yangu!

Utaratibu huu ni wa Shangazi Restuta wa Chita, dada wa marehemu baba. Miaka sabini na nane, goti moja halikunjiki, akili haijapinda hata kidogo. Mwaka jana alitangaza kwenye kundi la simu la ukoo kwamba amechoka kupata habari za ndugu zake misibani tu. Akaagiza kila mwezi nyumba moja itume habari kwa sauti: mnaamkaje, mnalima nini, nani anapenda nini. Habari za uzima. Yeye husikiliza akiwa mkekani, simu ameiweka ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue. Kule Masagati mtandao ni wa kuutafuta, kwa hiyo Baba Mdogo Kelestini hupanda kilima na simu yake, akasikiliza, akashuka na habari zote kichwani kuwagawia wenzake.

Julai ilikuwa ya Kaka Agapiti wa Mlimba, mtoto wa baba mkubwa. Akaeleza habari za nyuki wake. Mizinga kumi na miwili! Akaigiza hadi mlio wa malkia. Shangazi akajibu kwamba amesikiliza mara nne, na siku hiyo kamaliza sahani nzima ya wali, jambo ambalo halijatokea tangu Pasaka. Tangu hapo ukoo mzima unamwita Agapiti Bwana Nyuki. Naye anaitika.

Sitaki kusema nina wivu. Nina wivu.

Jioni nikaipitia nyumba yangu kichwani. Mama mkwe wangu, Bibi Eliza, miaka sabini na moja: anaimba sauti ya pili kwaya ya kanisani, anasuka mikeka, na mpira ukitangazwa redioni hubishana na mtangazaji hadi dakika ya tisini. Binti yetu Agnella, miaka kumi na sita: golikipa wa timu ya shule, na ana daftari la ndege wa bondeni, kila ndege na jina lake la Kindamba alilopewa na bibi yake. Mke wangu Tekla: mpunga asubuhi, kufuma vitambaa mchana pamoja na akina mama wa kikundi, bustani ya mchicha na bamia jioni. Na kati ya hayo yote, baiskeli. Anaipenda baiskeli kama wengine wanavyopenda soda.

Nikabaki mimi. Fulgensi, miaka arobaini na saba, mpima mpunga kwenye mashine ya kukoboa hapa Mlabani. Ninapenda nini? Nimefikiri hadi chai ikapoa. Ninapenda kulala baada ya chakula cha mchana.

Hilo halitangaziki.


Alhamisi, 31 Julai

Nimerekodi! Nilijificha nyuma ya banda la kuku ili nipate utulivu. Kuku hawakukubaliana nami, lakini shangazi anapenda sauti za nyumbani.

Nilianza vizuri. Kila nilichosema juu ya Bibi Eliza ni kweli tupu. Juu ya Agnella pia: nikaeleza penalti mbili alizodaka mwezi wa sita, na siku aliporudi na tope hadi kiunoni kwa sababu ya korongo mmoja tu. Nilipofika kwa Tekla sauti yangu mwenyewe ikanishangaza. Nikaeleza anavyoamka saa kumi na moja, anavyopiga pedali hadi shambani, kilomita nane kwenda, nane kurudi, na jembe limefungwa nyuma. Nikaeleza kwamba siku ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima, kuna mbio za baiskeli za akina mama, kutoka uwanjani hadi daraja la mto Kilombero na kurudi, baiskeli za kawaida tu, na Tekla ameandikisha jina. Mshindi atapata pampu ya maji. Bustani yetu inanyweshwa kwa ndoo. Nikasema ninajivunia.

Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza.

Lakini nikamkumbuka Agapiti na malkia wake. Mdomo ukaendelea peke yake. Nikasema kwamba ushindi hauji hivi hivi, una mtu nyuma yake. Nikasema mimi ndiye kocha. Nikasema kila alfajiri mimi mwenyewe huenda hadi darajani na kurudi kwa baiskeli, kabla ya kazi, ili kumwonyesha mfano.

Nikatuma. Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa darasa la saba.


Ijumaa, 1 Agosti

Majibu yanamiminika! Shangazi amesikiliza mara tano. Tano! Moja zaidi ya nyuki. Amesema hakujua kwamba mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akibebwa mgongoni hadi umri wa miaka saba, siku hizi ni mwanamichezo.

Baba Mdogo Kelestini ametuma ujumbe kutoka kilimani, upepo unavuma kama ngoma, anasema Masagati wamefurahi na wanauliza kocha anakula nini asubuhi. Nikajibu: uji wa ulezi, bila sukari. Nilijibu nikiwa na chapati mkononi.

Agapiti ameandika maneno manne tu. "Hongera kaka. Picha tafadhali."

Shangazi akaona, akasema ndiyo, picha, tena ya kocha akiwa na baiskeli pale darajani, aiweke karibu na mkeka wake.

Mungu wangu.

Bibi Eliza alikuwa akisuka mkeka, simu yangu ikipiga kelele karibu yake. Alisuka taratibu sana, kama mtu anayesikiliza.


Jumapili, 3 Agosti

Mpango ulikuwa safi. Tekla alikuwa na mkutano wa kikundi mchana kutwa. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Nikavaa jezi ya Agnella ya ugolikipa, ya njano, na glavu zake pia, kwa sababu mikono ya kocha lazima ionekane ina kazi. Jezi ilinibana tumboni. Nikavuta pumzi ndani.

Nikaisukuma baiskeli hadi nje ya mji ili majirani wasinione, kisha nikapanda. Nikashuka. Nikapanda. Hatimaye ikakubali kwenda. Nilifika darajani nikitoa jasho la kuoshea gari.

Kulikuwa na mama mmoja anauza kambale waliokaushwa. Nikamwamkia vizuri, nikamwomba anipige picha. Akaniuliza kama hiyo baiskeli ni yangu kweli, maana naishika kama mtu aliyeshikishwa mbuzi wa watu. Lakini picha aliipiga. Picha nzuri ajabu! Mto nyuma yangu, mkono mmoja kwenye usukani, uso unatazama mbali kama mtu mwenye mipango.

Wakati wa kurudi daraja lina mteremko. Sikuuona nilipokuja, kwa sababu nilipokuja ulikuwa mlima. Baiskeli ikachukua mwendo wake. Chini, barabara yote: ng'ombe. Hamsini, sitini, wanavuka bila haraka. Nikabana breki zote mbili. Ya mbele ikatii, ya nyuma ikakataa.

Nikaamka nikiwa kwenye mtaro, glavu ziko juu. Kijana mchungaji akaja mbio, akamkagua ng'ombe wake mguu kwa mguu, ndipo akaniambia pole baba, ng'ombe hajambo.

Mimi nilikuwa mzima pia, kama kuna anayejali. Baiskeli haikuwa. Rimu ya mbele ilijikunja kama kaukau za viazi. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ulikuwa umetazama nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Nikiwa bado mtaroni nilituma picha kwenye kundi la ukoo, ambamo Tekla hayumo. Mtandao pale ni mzuri.

Nikaibeba baiskeli begani hadi kwa Sadallah, fundi wa baiskeli karibu na soko. Alikuwa anafunga. Akaitazama, akanitazama, akatazama jezi. Rimu anayo, akasema, lakini foku ya aina hiyo lazima iagizwe Morogoro. Nikamwomba kwa jina la Mungu asimwambie Tekla. Sadallah ni mtu wa ahadi, babu yake alikuja na duka lake kutoka pwani na hawajawahi kumdhulumu mtu. Akaapa: kwa Tekla hatasema neno.


Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi Tekla akauliza baiskeli iko wapi. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia nimeipeleka kwa Sadallah kufanyiwa matengenezo makubwa ya mashindano, iwe zawadi kutoka kwangu. Nikaongeza kwamba wakimbiaji wote wakubwa hupumzisha miguu siku nne kabla ya mbio. Utaalamu huo nimeutoa wapi sijui. Ulikuja wenyewe.

Akaniangalia. Halafu akasema asante, Baba Agnella, hujawahi kufikiria jambo kama hilo.

Nikaenda kazini kabla ya chai, nisije nikaisikia asante ile mara ya pili.

Mchana habari mbaya zaidi. Shangazi ameipenda picha mno hata ameamua kuja. Mwenyewe! Alhamisi, kwa treni. Anataka kumwona kocha kwa macho yake kabla hayajafumbwa. Na kwa sababu ya goti lake, lazima asindikizwe. Atasindikizwa na Agapiti.


Jumanne, 5 Agosti

Nilidhani Tekla akiambiwa apumzike atapumzika. Sikumjua. Miaka ishirini ya ndoa na sikumjua.

Ameamka saa kumi alfajiri badala ya kumi na moja, akaenda shamba kwa miguu. Jana vilevile, kumbe. Kilomita nane na jembe begani. Wanapura mpunga wa mwisho na hawezi kuwaachia wenzake. Akarudi kwa miguu, akanawa, akala akiwa amesimama, akaenda kwenye mtambo wa kufuma. Leo amemaliza kitambaa cha bluu na mistari ya njano kama mpunga unapoanza kuiva. Wenzake wote walikiinua juu kukitazama. Jioni, ndoo. Ndoo kumi na tisa kutoka kisimani hadi kwenye mchicha, nilizihesabu nikiwa dirishani. Ya ishirini alisimama kidogo, akashika bega, akaendelea.

Na huku anaimba! Wimbo wa kwaya ya mama yake.

Nilitoka nikamsaidie. Akasema kocha apumzike; kumbe mama yake kamsimulia sifa zangu za kwenye simu. Sijui kama ulikuwa mzaha.

Nimepitia kwa Sadallah. Foku bado.


Jumatano, 6 Agosti

Mpango mpya: Tekla ajitoe mwenyewe. Asiposhiriki, baiskeli haihitajiki, na siri inakufa kifo cha kawaida.

Nikaanza kwa mbali. Nikasema nimesikia washiriki ni wasichana wadogo. Nikasema jua la Agosti. Nikasema umri wetu huu, heshima ni kukaa kivulini na kupiga makofi.

Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuacha. Akasema aliandikisha jina lake mwezi wa tano, wa kwanza kabisa, kabla hata karatasi haijabandikwa. Akasema baba yake alimfundisha baiskeli akiwa na miaka tisa, wakati watu wakisema mtoto wa kike ataharibika. Alimshika nyuma ya siti, akakimbia naye, akaachia bila kumwambia. Alipogeuka akamwona baba yuko mbali kule, anacheka. Akasema hajawahi kushindana na mtu yeyote katika maisha yake, kwa jambo lolote, na anataka kujua.

"Kujua nini?" nikauliza.

"Kama mimi ni mwepesi au nilikuwa nawahi tu."

Nilifungua mdomo nikiri. Nakuapia, shajara, nilifungua. Bibi Eliza alinitazama kutoka mkekani, akaacha kusuka kabisa, akasubiri.

Nikapiga mwayo, nikaenda kulala.


Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya aibu. Naiandika yote.

Shangazi alifika saa tano na fimbo, na kitenge kipya, na furaha ya mtoto. Agapiti nyuma yake na dumu la asali. Shikamoo zikatolewa, marahaba zikapokelewa. Shangazi akamshika Agnella mashavu, akataka kuona daftari la ndege, akasomewa kurasa sita, na kila jina la Kindamba alilisahihisha au kulisifu. Yeye na Bibi Eliza wakaimba ubeti mzima wakiwa wameshikana mikono uani. Nilisema moyoni: nyumba hii ni nzuri kuliko nilivyoieleza. Haikuhitaji chumvi.

Halafu shangazi akakaa, akapanga fimbo yake, akasema sasa aonyeshwe mazoezi.

Nilikuwa na filimbi ya Agnella shingoni. Nikapuliza. Nikaeleza upumuaji. Nikaeleza magoti. Agapiti akauliza baiskeli iko wapi. Nikasema inapumzika. Akauliza kama baiskeli nazo hupumzika. Nikapuliza filimbi tena.

Ndipo hodi. Sadallah. Nikajua kwa miguu yake tu, alivyokuwa akiikokota, kwamba foku haikuja.

Akamwamkia shangazi kwa adabu. Tekla alikuwa jikoni, hatua tatu kutoka pale. Sadallah akamwona. Akageuka akampa mgongo, mtu wa ahadi yule, akainama kwa shangazi na kusema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni:

"Mama, nina ujumbe wa huyu bwana, lakini kanikataza nisimwambie mkewe. Basi nakwambia wewe. Ile foku aliyoipinda Jumapili kwa ng'ombe, haikuja na basi la leo."

Redio ya Bibi Eliza ikanyamaza. Nadhani aliizima asikie vizuri.

Tekla akatoka na mwiko mkononi.

"Baba Agnella. Ulipanda baiskeli yangu?"

"Kwa picha tu, Mama Agnella."

"Na siku hizi nne nimekwenda shamba kwa miguu, ukasema napumzika?"

Agapiti akatazama mbinguni kana kwamba nyuki wake wamemfuata. Agnella akanivua filimbi shingoni, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa shati.

Shangazi hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Fulgensi, nani alikuambia tunataka kocha? Niliomba habari za nyumbani. Hizi nilizoziona leo, hazikukutosha?"

Nikakiri yote. Darasa la saba, jezi, mtaro. Nilipofika kwenye glavu Bibi Eliza aliziba mdomo na khanga, mabega yakitikisika, lakini Tekla hakucheka. Akanipa mwiko.

"Geuza ugali," akasema. Akatoka na Sadallah.

Walirudi jua likiwa bado juu, na baiskeli ya Sadallah mwenyewe. Foniksi ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, yenye keria ya chuma nyuma ambayo hubeba magunia mawili ya mpunga. Ya kiume, siti juu. Waliishusha siti hadi mwisho, na bado Tekla anafika pedali kwa ncha za vidole. Agnella akajaza upepo. Agapiti, kwa mikono yake mwenyewe, akapaka cheni nta ya nyuki. Hata hapo kanishinda.

Ugali uliungua. Walikula bila kulalamika, jambo ambalo liliniumiza zaidi.


Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Uwanja umejaa. Matrekta, mbegu, ngoma, ng'ombe wa maonyesho (niliwapita mbali). Wanawake thelathini na mmoja kwenye mstari. Wa mbele kabisa, Herieth wa Kibaoni, dada anayeuza maziwa nyumba kwa nyumba, baiskeli yake nyepesi kama fimbo. Tekla pembeni, amefunga khanga juu ya suruali ya michezo ya Agnella, kashikilia lile dude.

Nilikuwa nimeapa kukaa kimya. Bendera iliposhuka nikajikuta nyuma ya bodaboda, naelekea walikoelekea, napiga kelele avute pumzi kwa pua, abadilishe gia. Baiskeli ile haina gia. Watu wa kando ya barabara walinipigia makofi ya kejeli. Msimamizi mmoja akatufikia, akasema nazuia njia, akaniteremsha pale darajani na kuamuru bodaboda irudi peke yake.

Basi nikasimama darajani. Sina filimbi, sina jezi. Nikasubiri.

Walipogeuka ng'ambo na kuanza kurudi, Tekla alikuwa wa tano. Ule mlima wa daraja, wengine walianza kusimama kwenye pedali, kuyumba, mmoja akashuka na kusukuma. Yeye hakunyanyuka. Baiskeli nzito, lakini miguu ile imebeba mpunga miaka ishirini na haikutambua tofauti. Akampita wa nne. Akampita wa tatu. Nilimwona uso alipokuwa akipita mbele yangu, na sijawahi kuuona uso huo. Hakuwa na hasira, hakuwa amechoka. Alikuwa na furaha ambayo haikuwa na habari nami. Midomo ilikuwa inaimba.

Hakuniona. Akampita wa pili, akateremka, akapotea.

Mimi, mtu wa maneno mengi, sikupata hata moja.

Halafu nikarudi mjini kwa miguu, hakuna aliyenipa lifti. Kwa hiyo mwisho wa mbio sikuuona! Nimeusikia kwa waliokuwa wakirudi: Herieth wa kwanza, Tekla wa pili, tofauti ni urefu wa gurudumu moja. Gurudumu moja!

Nilifika uwanjani mwisho. Shangazi alikuwa analia kwenye kiti chake na kucheka. Bibi Eliza alikuwa anatangaza mbio upya kwa mtu yeyote aliyesimama karibu, dakika kwa dakika. Agnella kambeba mama yake juu. Zawadi ya pili ni bomba la kupulizia dawa ya wadudu. Tekla kaliweka mgongoni kama mtoto.

Pampu ya maji ilikuwa inapakiwa kwenye pikipiki kwenda Kibaoni.

Nilimkaribia. Akanitazama miguu iliyojaa vumbi. Akasema neno moja tu juu ya jambo hili, na hajalirudia:

"Kwa baiskeli yangu ningempita."

Nikasema najua.

"Lakini sasa najua na mimi," akasema. Akacheka, akanishika mkono mbele ya watu wote. Sikustahili. Niliupokea.


Jumamosi, 9 Agosti

Shangazi ametoa hukumu kabla ya treni. Moja: habari za nyumba hii zitatolewa na Bibi Eliza, milele. Mbili: kwa kuwa pampu imekwenda Kibaoni kwa sababu yangu, nitakuwa mimi pampu. Ndoo ishirini kila asubuhi, ishirini jioni, hadi mvua za vuli. Tatu: picha ya darajani atakaa nayo, kwa sababu inamchekesha.

Agapiti aliniaga kwa upole ambao sikuutegemea. Aliniambia kwamba mizinga ni saba. Kumi na miwili ilikuwa ya kwenye simu.

Nimemkumbatia. Sijawahi kumpenda ndugu yangu kama leo.


Jumapili, 10 Agosti

Ndoo arobaini. Bega la kulia limehamia shingoni. Sasa naelewa kwa nini Tekla alisimama kwenye ya ishirini, ila sielewi alikuwa anaimba kwa pumzi gani.

Baada ya misa nilituma sauti kwa ukoo, nikakiri. Fupi, bila kuku. Baba Mdogo Kelestini akajibu kutoka kilimani: Masagati wamecheka hadi wakakaa chini, na wanamsalimu Tekla kwa kusimama.

Foku imefika. Sadallah ameifunga bila maneno. Tekla kapanda, kazunguka ua mara mbili, kaondoka kwenda kuwatazama akina mama wenzake. Nilimtazama hadi kona.

Naandika hapa ili niione kila siku: FULGENSI, USIJISINGIZIE TENA USICHOKUWA. Nimepigia mstari mara mbili.


Jumanne, 12 Agosti

Leo jioni, nikiwa kwenye ndoo ya nane, kaja bwana mmoja wa Lipangalala, jina lake Eustaki, na binti zake wawili, wakubwa, wenye afya. Wote wamemwona Tekla siku ya Nane Nane. Wameambiwa mwanamke yule, kwenye baiskeli ya magunia, alikuwa wa pili kwa sababu ana kocha. Wamemwona kwa macho yao huyo kocha akimfuata kwa bodaboda. Wanataka kujiandaa na mwakani. Wameuliza kama ndiye mimi.

Tekla hakuwepo. Bibi Eliza alikuwa kwaya. Nikautazama ule mstari kichwani, ule uliopigiwa mara mbili. Nikaitazama bustani. Zilibaki ndoo kumi na mbili.

Nimewaambia tunaanza kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mwanzoni hatugusi baiskeli, tunajenga mabega.

Kila mmoja aje na ndoo mbili.